Maswali yenu: Mtoto kapimwa hana virusi, mbona kapewa vidonge vya TB?

Toleo lililopita kuna mama aliniuliza kama mtoto anaweza kupata TB kwa kunyonya, nikamjibu kwa mstari mmoja kwamba hapana, maziwa hayabebi TB, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikajaa, karibu zote za akina mama wanaoishi na VVU au wa watu wanaolea watoto wa hao akina mama, kwahiyo leo ukurasa wote ni huo. Nimefupisha meseji na majina nimeyatoa.

*Shikamoo nesi. Nipo Mbagala. Niligundulika nina virusi mimba ikiwa ya miezi 8, nikaanzishiwa dawa siku ileile. Mtoto sasa ana miezi 2, kipimo cha wiki 6 kimetoka hana, namshukuru Mungu. Sasa baba mkwe kaja toka Mererani alikokuwa anachimba, anakohoa usiku kucha, sisi tuna chumba na sebule tu, yeye analala sebuleni na kutwa kambeba mtoto maana ndo mjukuu wa kwanza. Kupimwa ana TB. Nikaenda kliniki nikawaeleza, wakampima mtoto uzito wakamsikiliza kifua wakasema mzima, ila wakampa vidonge vya TB vya miezi 6! Mtoto ana sirapu ya kumkinga na virusi, ana septrin ya kuzuia nimonia, na sasa hivi vidonge. Nesi niambie ukweli wamenificha? Ana TB? Au kile kipimo kilikosea? Na mkwe hajui hali yangu, nitoe dawa zote hizo mbele yake nitasema nini?*

Marahaba mwanangu, kwanza vuta pumzi. Hawajakuficha. Kwa ulivyonieleza mtoto haumwi TB, na kipimo cha wiki 6 hakibadilishwi na vidonge vya TB, ni vitu viwili tofauti kabisa (ila usisahau kurudia kipimo miezi 9, na kile cha mwisho baada ya kumwachisha ziwa, hapo ndo unasema tumevuka mto). Hivyo vidonge ni dawa kinga, vinaitwa isonayazidi. Mtu mzima mwenye TB akikohoa anaachia vijidudu hewani, vinaelea humo humo sebuleni masaa, mtoto anavivuta. Vikishaingia vinaweza kulala tu au vikaamka vikamuuguza. Kwa mtu mzima mwenye afya yake kati ya 10 walioambukizwa ni kama 1 tu ndo ataugua maisha yake yote. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka ni habari nyingine, asipopewa kinga makadirio yanasema karibu nusu wanaugua, tena siyo kikohozi tu, inapanda kwenye utando wa ubongo, na haisubiri miaka, ni miezi tu. Ndo maana nesi wa kliniki yako hakusubiri mtoto aanze kukohoa, na mimi nampigia makofi kwa hilo.

Sasa wengi mnaniuliza kama mtoto hana virusi kwanini yeye awe hatarini kuliko wa jirani. Sababu zipo na zinashikana. Mtoto aliyekaa tumboni mwa mama mwenye VVU, hata akizaliwa salama, kwenye mwaka wa kwanza anaugua kifua mara nyingi zaidi kuliko wenzake, kinga ile anayopewa na mama kupitia kondo inakuja pungufu, na hasa kama mama alichelewa kuanza dawa kama wewe (sikulaumu, nasema ilivyo). Pili mama mwenyewe. TB inawapenda sana watu wenye VVU, na ile miezi baada ya kujifungua ndo mwili unakuwa legelege, TB iliyokuwa imelala inaamka, na nani yupo kifuani kwa mama masaa 24? Tatu, nyumba. Kwenye nyumba yenye VVU mara nyingi kuna zaidi ya mtu mmoja mwenye kinga iliyoshuka, kwahiyo uwezekano wa kuwepo mkohoaji unapanda. Ukiviangalia hivyo vyote, kimoja tu ndo kinahusu mwili wa mtoto. Vingine vyote ni nani anakohoa karibu yake.

Kuhusu mkwe, hapa nisikilize vizuri maana naona ndo kinakunyima usingizi. Dawa kinga ya TB anapewa mtoto yeyote wa chini ya miaka 5 anayekaa nyumba moja na mgonjwa wa TB, mama awe na virusi asiwe navyo. Kwahiyo mkwe akiuliza, jibu lako ni fupi na ni la kweli, "baba, ni kwa ajili ya kile kikohozi chako, kliniki wamesema wajukuu wote wadogo wanywe". Huhitaji kusema lingine mpaka siku utakayoamua mwenyewe. Sirapu na septrin unaweza kumpa ukiwa chumbani.

Na kwanini vidonge vya aina moja miezi 6, wakati wengine wanapewa vile vya mchanganyiko miezi 3? Ni kwa sababu ya hiyo sirapu ya nevirapini. Vile vya miezi 3 vina dawa nyingine ya TB ndani yake, rifampisini, na rifampisini inaifukuza nevirapini mwilini haraka, mtoto anabaki bila ulinzi dhidi ya virusi. Waliokupangia walikuwa wanajua wanachofanya. Wewe usiruke siku, na ukiona macho yanakuwa ya njano, anatapika mfululizo au kagoma kunyonya, usimpe kingine, mbebe umrudishe siku hiyohiyo.

Mzee naye jamani msimfanye mkosi. Vumbi la mgodini linakula mapafu, mchimbaji kupata TB siyo ajabu wala siyo laana. Akinywa dawa vizuri, wiki chache za mwanzo makali ya kuambukiza yanashuka sana. Kwa sasa mjukuu amwangalie kwa mbali, wakae naye uani kwenye hewa, dirisha la sebule lifunguliwe mchana kutwa hata kama mnaogopa wezi wa simu, akikohoa azibe mdomo. Vikombe na sahani wala msitenge, TB haikai kwenye kikombe, mnamuumiza mzee bure.

Halafu swali ambalo hukuniuliza. Wewe mwenyewe umeshachunguzwa? Unalala nyumba hiyohiyo, una virusi, umejifungua juzi. Nenda CTC yako, kliniki unakochukulia dawa za virusi, useme kuna TB nyumbani, watakuuliza yale manne, kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, na kama huna TB na wewe utapewa dawa kinga yako.

*Nesi mimi nipo Sengerema. Mwanangu ana miezi 9, anapata septrin, natumia dawa vizuri. Tangu miezi 6 haongezeki uzito, mara homa mara kikohozi, nimempeleka mara mbili wakasema nimonia akachomwa sindano akapata nafuu kidogo ikarudi. Sasa mama mkwe anasema tumembemenda mtoto, mume wangu hanisemeshi, anaona kama nimetembea nje. Nimechoka nesi.*

Pole sana mama. Hii ya kubemenda nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa unesi, mtoto akikonda tu kesi inahamia chumbani kwa wazazi. Tendo la ndoa halikondeshi mtoto, la mume wala la nani. Mwambie mama mkwe nesi kasema, na kama haniamini anipigie, namba iko mwisho wa gazeti.

Chukua kadi ya mtoto. Ule mchoro wenye mistari inayopanda, fuata vile vidoti vya uzito wa mwanao vya kila mwezi. Vikipanda kama ngazi, sawa. Vikilala kama barabara ya lami miezi 3, hicho ni kidonda mama, hata kama mtoto anacheka. Kwa mtoto mwenye VVU au anayefuatiliwa bado, tunauliza mambo 4 kila anapokuja: anakohoa sasa hivi? ana homa? uzito umegoma? kuna mtu mwenye TB karibu yake? Ikijibiwa ndiyo hata moja tu, mtoto achunguzwe TB. Wako ana tatu, na la nne sijui maana hukusema.

Niwape kisa. Miaka ya nyuma nikiwa RCH, yaani kliniki ya mama na mtoto, kuna mtoto alikuwa analetwa na shangazi yake kila mwezi, mama yuko kazini, kidoti hakipandi. Tukampa ushauri wa lishe, uji wa dona na karanga, tukampa antibayotiki, mwezi unaofuata vilevile. Mara ya tatu nimeinama naandika kwenye kadi nikasikia kikohozi kirefu kile cha kukwaruza, nikanyanyua kichwa nikidhani ni mtoto, kumbe ni shangazi, kajifunika mtandio mdomoni, mtoto yuko mapajani kamgeukia usoni. Miezi mitatu yote tunamwangalia mtoto, aliyembeba hatujamuuliza hata swali moja. Tulipima makohozi ya shangazi, yakatoka TB. Mtoto akaanza dawa, baada ya miezi miwili kile kidoti kikaanza kupanda. Sijasahau hiyo kadi.

Kwahiyo kesho ukienda usiseme "mtoto ana kikohozi", watakuandikia nimonia ya tatu. Sema hivi: hii ni mara ya tatu, antibayotiki hazijasaidia, uzito umesimama tangu miezi 6, mimi naishi na VVU, naomba mtoto aangaliwe TB na arudiwe kipimo cha virusi (wa miezi 9 anatakiwa kurudiwa hata hivyo). Na kabla hujatoka nyumbani kaa chini uwahesabu wote wanaombeba, bibi, dada wa kazi, jirani anayeuza mihogo, yule fundi anayelala chumba cha nje, nani anakohoa zaidi ya wiki mbili? Waende na wao. Mume naye aende, hiyo ya kununa haitibu mtu.

*Habari yako. Mimi ni mama mshauri kwenye kliniki moja huku Homa Bay, Kenya, nawafuatilia kina mama walio na HIV na watoto wao. Swali langu ni moja, kama hawa watoto wako kwa hatari hivyo, kwa nini wasipewe isoniazid wote tangu wakizaliwa, tusingojee mtu akohoe?*

Nzuri sana mwenzangu, na wewe siyo wa kwanza kufikiri hivyo, watafiti nao walifikiri hivyohivyo wakajaribu. Ulifanyika Afrika Kusini na Botswana, matokeo yakatoka mwaka 2011. Watoto zaidi ya 1,300 wa akina mama wenye VVU, wengine wana virusi wengine hawana, walianza wakiwa na miezi 3 hadi 4, wote wameshachanjwa BCG, ile chanjo ya TB ya begani, na hakuna aliyejulikana kukaa na mgonjwa wa TB. Nusu wakapewa isonayazidi, nusu vidonge vya mfano visivyo na dawa. Haikuonekana tofauti, si kwa wenye virusi si kwa wasio navyo.

Wapo waliokata tamaa na yale majibu. Mimi nayasoma tofauti kidogo. Kule watoto walikuwa wanafuatiliwa kwa karibu mno, mkohoaji akitokea nyumbani anajulikana mapema, na wenye virusi walipewa ARV mapema. Ukimfuatilia mtoto hivyo kidonge cha kila siku hakina cha kuongeza. Kwahiyo mpaka leo mtoto mchanga wa mama mwenye VVU hapewi isonayazidi kwa sababu ya mama tu, anapewa akigusana na mgonjwa. Mwenye virusi akishavuka mwaka mmoja ndo anapewa hata bila kugusana na mtu, baada ya kuhakikisha haumwi TB. Maana yake dada yangu ile kazi yako ya kuwatembelea majumbani na kuuliza nani anakohoa humu ndo dawa kinga yenyewe, na najua posho yake haifiki hata nauli ya boda.

*Nesi nilikutwa na TB wiki mbili kabla ya kujifungua na VVU ninayo. Mtoto kazaliwa mzima ila wamekataa kumchoma ile sindano ya begani, wenzake wote wodini wamechomwa wangu tu kaachwa. Wamembagua?*

Hapana, wamemlinda. BCG ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, jamaa wawili Wafaransa Calmette na Guérin walihangaika navyo miaka na miaka mpaka ikaanza kutolewa kwa watu mwaka 1921. Mtoto wako kwa kuwa alikuwa karibu na TB yako anapewa kwanza isonayazidi, na hiyo dawa ingeviua na vile vya chanjo, ungekuwa umechanja hewa. Akimaliza dawa, zikapita kama wiki mbili, na kipimo cha virusi kimesema hana, anachanjwa. Hilo liandikwe kwenye kadi kabisa, maana mkihama mtaa hakuna atakayekumbuka. Kunyonyesha endelea, vaa barakoa ukiwa naye karibu mpaka daktari aseme basi, na kunywa dawa zako zote mbili, za TB na za kufubaza virusi.

Na wale watatu mlioniuliza kovu halijatokea begani, msirudi kuomba sindano nyingine. Kovu kutoonekana hakumaanishi chanjo haijakubali. Ila mjue BCG inazuia zaidi zile TB kali za watoto, ya ubongo na ya kusambaa mwili mzima, ya mapafu inaweza kupita. Msiseme "kachanjwa" mkamwachia alale na mkohoaji.

*Mwanangu ana miaka 3, anatumia ARV. Walimpa mpira puani asubuhi wakavuta maji ya tumboni, wakachukua na choo, vyote vimetoka havina TB, lakini dokta kaangalia eksirei kasema ni TB aanze dawa. Si wanabahatisha hawa? Na mtoto wa jirani alimaliza kwa miezi 4 wangu kaambiwa 6, tena ARV yake kaambiwa anywe mara mbili kwa siku badala ya moja. Baba, Tanga.*

Baba wa Tanga umeuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Watoto hawatemi makohozi, wanameza, ndo maana waliyafuata tumboni asubuhi kabla hajala na wakayatafuta kwenye choo. Na vijidudu vyao ni vichache, mashine inaweza kuvikosa na mtoto anaumwa kweli. Hata wale panya wa Morogoro wanaofunzwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa TB wanaletewa makohozi ambayo maabara imesema hayana kitu, na wanakamata wagonjwa walioachwa. Kwahiyo kwa mtoto daktari anajumlisha, dalili, uzito, nani nyumbani ana TB, picha ya kifua, kisha anaamua. Kusubiri karatasi iandike "ipo" kumeshaua watoto wengi.

Miezi 4 inatokana na utafiti wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, watoto 1,204, ulitoka 2022, ukaonyesha watoto wenye TB isiyo kali wanapona kwa miezi 4 sawasawa na 6. Wako huenda picha imeonyesha imetapakaa zaidi, kamuulize dokta akuonyeshe kwenye hiyo picha, ni haki yako. Na ARV mara mbili ni rifampisini tena, inaipunguza nguvu ile ARV iitwayo dolutegravir, kwahiyo anaongezewa dozi ya jioni mpaka amalize dawa za TB na wiki mbili baadaye. Usiiruke hiyo ya jioni hata kidogo, maana wengi ndo wanayoisahau.

*Vile vidonge vya TB vya mtoto naweza kuponda nikachanganya kwenye uji? Bibi, Kibaha.*

Shikamoo bibi. Vile vya watoto havipondwi, weka kwenye maji safi kidogo vinayeyuka vyenyewe na vina ladha tamu, mpe amalize hapohapo, visikae. Ukivitia kwenye bakuli la uji akila nusu akaacha hutajua kanywa dawa kiasi gani. Mpe dawa kwanza, uji baadaye. Na bibi, kile kikohozi ulichotaja mwishoni mwa meseji kwamba "ni cha uzee tu", kina wiki ngapi?